Theluji ya Sebuleni kwa Maman Mauwa

Jumanne moja ya Januari, saa nne na robo asubuhi, Kazadi alipanda ngazi hadi ghorofa ya nne akiwa na mablanketi mawili ya Maman Mauwa begani, yamefuliwa na kukunjwa. Kazadi alikuwa dobi. Duka alilofanyia kazi lilikuwa Molenbeek, mjini Brussels, karibu na mfereji, lakini alikaa Berchem-Sainte-Agathe, jengo moja na Maman Mauwa, na nguo za majirani alizibeba mwenyewe, kwani si vizuri mtu apande tramu na blanketi lake kama aliyefukuzwa kwake.

Maman Mauwa alimfungulia mlango, ufagio mkononi.

"Ingia mbio, Papa Kazadi, funga mulango," alisema. "Neige iko inatoka inje mu couloir ya ngazi, na concierge wa jengo atanileteya mambo."

Kazadi akaingia. Sebuleni theluji ilikuwa ikianguka. Haikuwa nyingi. Zilikuwa chembe pana zisizo na haraka, zinazoanzia usawa wa taa ya dari na kutua juu ya kochi, juu ya meza, na juu ya kitambaa kilichofunika televisheni. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Jikoni sufuria ya sombe ilitokota tangu alfajiri, maana majani ya muhogo hayaivi kwa pupa. Maman Mauwa alikuwa amebana simu kati ya sikio na bega, na ndani ya simu ulilia muziki wa kusubiri.

"Ilianza siku gani?" Kazadi aliuliza.

"Vendredi, ile Ijumaa ilipita. Weka couvertures mu chambre, kule haianguke."

Mtu mwingine angeweka mablanketi akaenda zake. Lakini Kazadi alikuwa katibu wa chama cha wapenzi wa hali ya hewa. Chama kilikuwa na watu sita, nao walikutana kila Jumamosi mchana katika mkahawa wa Galerie d'Ixelles, katikati ya saluni mbili za kusuka nywele, wakazungumza juu ya mawingu mpaka chai ikapoa. Mwenyekiti alikuwa Frans, mzee wa miaka themanini na mmoja aliyewahi kufundisha jiografia Likasi, kule Kongo, na ambaye mpaka leo alisema Kiswahili kana kwamba anakisoma ubaoni. Chama hiki kilikuwa kimengoja theluji nzito kwa miaka kumi na mmoja. Theluji nzito ilianguka kwingine. Ilianguka Ardenne, ikaanguka Ujerumani, na mwaka mmoja ilianguka ufukweni Ostend siku ileile wanachama walipokuwa wameifuata Ardenne. Brussels ilipata manyunyu. Rekodi ya chama ilikuwa sentimita thelathini na moja. Bibi Frieda, mfamasia mstaafu, alizipima bustanini kwake kabla Kazadi hajajiunga, na picha yake Kazadi alikuwa ameonyeshwa mara nyingi kuliko picha za wajukuu wa mtu yeyote.

Saa nane mchana, kwa mwito wa Kazadi, chama kizima kilikuwa sebuleni kwa Maman Mauwa, kimevaa makoti. Frieda alichomeka rula yake kwenye mto wa kochi.

"Nne na nusu," alisema.

Frans akauliza kama anaruhusiwa kueleza. Maman Mauwa akamwambia aeleze, ila asisimame njiani.

"Hewa baridi na kavu ipitapo juu ya maji yenye joto, hunyonya unyevu," alisema Frans. "Kisha hupanda, na kule ng'ambo huutua mzigo wake. Ndivyo theluji nzito inavyopatikana kando ya maziwa makubwa. Na mkanda wake ni mwembamba. Mji huu utazikwa, na mji wa jirani wataanika nguo."

Wote wakaona ilivyokuwa. Sufuria ya sombe ndiyo ziwa, kochi ndilo ng'ambo, na chumba cha kulala ndicho mji wa jirani. Kilichobaki ni kujua baridi inatoka wapi. Kipasha joto cha nyumba ile kilikuwa kimekufa kwa majira matatu ya baridi, lakini hiyo ilikuwa baridi ya kawaida, ya kuvaa soksi mbili. Haikutosha kutengeneza theluji. Kazadi, aliyeishi ndani ya mvuke wa pasi kwa miaka ishirini, alilowesha kidole kwa mate, akakiinua, akaufuata upepo. Ukampeleka kwenye simu. Frieda alipoweka kipimajoto karibu na tundu la kusikilizia, kilisoma nyuzi kumi na moja chini ya sifuri.

"Inatoka ku bureau ya nyumba," Maman Mauwa alisema. "Mie nilijua tangu Vendredi. Hamukuniuliza."

Akawaeleza bila kuacha kufagia. Kila siku ya kazi, saa tatu, aliipigia simu ofisi ya kampuni yenye jengo kuhusu kipasha joto. Alisubiri. Baadaye kijana mmoja aitwaye Stijn, mwenye adabu sana, alimjibu kwamba faili linashughulikiwa. Akikosa kupiga siku mbili, faili lingefungwa, na kulifungua upya ni safari nyingine. Binti yake Larissa alikuwa na mimba ya miezi tisa na angekuja kukaa pale na mtoto. Kwa hiyo hakukosa. Aliwahi kujaribu kupiga simu akiwa kituo cha tramu ili baridi ibaki hukohuko, lakini theluji ilianguka nyumbani vilevile, kwani faili lilikuwa na anwani ya nyumba.

Kazadi akapendekeza, kwa unyenyekevu, kwamba labda sombe ipumzike kwa siku chache.

"Na batu bakule nini?" Maman Mauwa akauliza. "Bakule neige?"

Kwa wiki mbili chama kilihamia pale mchana. Frieda alichora mstari kwenye karatasi ya miraba, na ukawa mstari mzuri: dakika kumi za kusubiri, nusu sentimita. Stijn aliposema faili linashughulikiwa, ilipiga mvua ya mawe kwa dakika moja, mawe madogo kama punje za mchele, kisha kukatulia. Naïma wa ghorofa ya tatu alipanda kulalamika kuwa dari lake linavuja, akaondoka na ndoo ya theluji safi ya kuhifadhia samaki. Kuanzia hapo alikuja kila Ijumaa na ndoo mbili. Maman Mauwa aliwapa wanachama sombe na bukari, ugali wa kwao, nao wakala wamesimama, sahani zikipoa upesi. Rula ikasoma kumi na mbili, ikasoma kumi na tisa, ikasoma ishirini na tano. Frans akaanza kufika mapema kuliko alivyoombwa. Na Kazadi, ambaye zamani aliingia nyumba ile akiuliza habari za Larissa, sasa aliuliza kwanza habari za kochi.

Tarehe ishirini na tatu uchungu ulimshika Larissa. Maman Mauwa akaiacha simu mezani, akamwachia Kazadi ufunguo na pauro ya plastiki.

"Leo nimekwisha kubaita, usijisumbue na simu," alisema akifunga kilemba. "Utaniangalilia sombe. Na ile berceau, neige isiifikie. Umesikia, Papa Kazadi?"

"Nimesikia, maman."

Kitanda cha mtoto kilikuwa kwenye pembe kavu, hatua moja nje ya mkanda, kimetandikwa shuka zenye bata wa manjano. Shuka zile Kazadi alizipiga pasi mwenyewe. Alikaa akakitazama kwa muda. Kisha Frieda akapima.

"Ishirini na tisa."

Sombe ilitokota. Frans akasafisha miwani yake.

"Bwana Kazadi," alisema hatimaye, "zimebaki sentimita mbili tu na kidogo. Na faili halitadhurika likipigiwa mara ya pili. Huenda hata likafurahi."

Baadaye Kazadi alijaribu kumlaumu Frans, lakini lawama ilikataa kukaa, kwani kidole kilichobonyeza namba kilikuwa chake. Muziki ukaanza. Alisubiri saa moja na dakika arobaini, simu mkononi, na kadiri alivyosubiri ndivyo theluji ilivyozidi, mpaka friji ikapotea, mpaka Frieda akawa sauti tu. Stijn alipopokea, Kazadi akakata simu bila kusalimu. Hilo nalo lilimwaibisha, kwa sababu hakulelewa hivyo.

"Thelathini na nne!" ilisema sauti ya Frieda. Alipima tena, akapima mara ya tatu. Wakapeana mikono. Frans alilia kidogo, na machozi yakamgandia mashavuni.

Kazadi alipogeuka kutazama pembe kavu, pembe kavu haikuwapo. Mkanda ulikuwa umepanuka. Alichimba kwa pauro, kisha kwa mikono, akapata kwanza mguu wa kitanda, halafu wavu, halafu shuka, ngumu kama mbao, bata wao wameganda. Alikuwa amepiga magoti hapo, shuka mkononi, Maman Mauwa alipoingia.

Wanachama wakavaa kofia zao mmoja mmoja na kuondoka. Maman Mauwa alitazama kitanda, akaitazama simu mezani.

"Nani aliita?"

"Ni mie, maman."

Kazadi alingoja matusi. Angeyapokea kwa shukrani. Lakini Maman Mauwa aliketi kwenye kochi, theluji ikamfika kiunoni, akafungua kilemba chake polepole.

"Ni mutoto mwanamuke," alisema. "Eko na kilo trois. Eko kadogo, Papa Kazadi. Kadogo kabisa."

Usiku huo na siku mbili zilizofuata Kazadi aliandika ripoti. Alihisi kwamba kama ubaya umefanywa na sayansi, basi sayansi iurekebishe. Ripoti ilikuwa na kurasa kumi na moja, mstari wa Frieda, na sahihi za wanachama wote sita. Ilisema wazi kwamba theluji ya sebuleni inasababishwa na kukosekana kwa joto na kuzidi kwa kusubiri. Ilishauri mambo mawili: kipasha joto kitengenezwe, na simu ijibiwe. Frans aliomba neno "rekodi" liingie hata mara moja. Kazadi akalikataa.

Aliipeleka kwa mkono. Stijn alikuwa kijana mrefu, mwenye sweta lililotunzwa vizuri, na Kazadi aliona kuwa anafua kwa maji baridi. Aliisoma ripoti yote akiwa amesimama, ukurasa kwa ukurasa, akitikisa kichwa kwa heshima.

"Bwana, hii ni kazi nzuri sana," alisema kwa Kifaransa. "Miaka mitatu tumeshindwa kujua faili hili liende meza gani. Sasa mmethibitisha. Ni hali ya hewa."

"Ni kipasha joto," Kazadi alisema.

"Vipasha joto ni vya kampuni. Hali ya hewa siyo. Na mahali panaponyesha theluji ni nje, bwana, hilo liko kwenye kanuni zetu. Hatuwezi kupasha joto nje."

"Lakini baridi inatoka kwenye simu yenu."

"Ukurasa wa tisa, nimeuona. Ndiyo maana namshauri mama asitupigie tena."

Kazadi akafikiri. "Asipopiga, theluji itakoma. Theluji ikikoma, sebule itakuwa ndani."

"Bila shaka."

"Ikiwa ndani, mtatengeneza?"

"Ikiwa ndani, ni haki yake kabisa," Stijn alisema, akafurahi kumwona mtu anayeelewa. "Atupigie tu simu kutujulisha."

Kazadi alirudi kwa miguu, tramu tatu zikampita. Alimweleza Maman Mauwa yote, hata yale ya kumwaibisha, hata kwamba ni ripoti yake iliyofunga faili. Maman Mauwa alisikiliza akichambua mchele.

"Mie nilienda masomo mpaka sixième, mwaka ya sita," alisema. "Lakini ile masomo ya bureau, ile ilinishinda."

Hakupiga simu siku ile, wala iliyofuata, wala Jumamosi na Jumapili. Theluji ikakoma. Iliyokuwapo ikayeyuka, ikampitia Naïma, na Kazadi akakausha zulia kwa pasi, akalinyoosha kochi, akatoa kabati la Maman Mauwa chumbani ili kitanda cha mtoto kiingie. Frans alipiga kengele kutoka chini akiuliza kama kuna chochote cha kupima. Kazadi akamwambia hakuna, akaendelea kusimama karibu na kengele mpaka mzee akaondoka.

Jumatatu saa nne asubuhi fundi wa kampuni alifika na mashine ya kutobolea. Katika majira matatu ya baridi hakuna fundi aliyewahi kupanda ngazi zile. Huyu alikuja na kibao cha manjano, maandishi ya Kifaransa juu na Kiholanzi chini, kikionya kwamba eneo hilo ni la nje na lina utelezi. Alikifunga mlangoni kwa skrubu nne. Alikuwa kwenye ya tatu Larissa alipofika juu na mtoto kifuani. Fundi akasogea, akawashikilia mlango, akampongeza kwa Kifaransa, akamwomba aangalie anapokanyaga.

Ndani palikuwa pakavu. Palikuwa na nyuzi tisa. Larissa alikaa kwenye kochi na koti lake, na mtoto akapiga chafya, chafya ndogo ya kilo tatu. Maman Mauwa akamfunika vitambaa viwili, akamtazama, akatazama dari.

"Bon," alisema. "Neige imekwisha. Donc iko ndani tena."

"Ndiyo, maman," Kazadi alisema.

"Basi inafaa nibaite."

Larissa alimwuliza mama yake kama haiwezekani kungoja mpaka mtoto alale. Maman Mauwa akasema Jumatatu ofisi inafunga saa sita. Jikoni sombe ilikuwa motoni. Kazadi alikwenda nyuma ya mlango akachukua mwavuli mkubwa, akaufungua, akasimama nao nyuma ya kochi, juu ya Larissa na mtoto, akiushika kwa mikono miwili ili usitikisike. Maman Mauwa akavaa glavu moja, ile ya mkono usiobonyeza, akapiga namba.