Chokaa ya Shangani

Mwaka wa themanini na nne, kila Jumamosi alasiri, wanakwaya wa Adelina walijibana sebuleni kwake, katika flati ya Thamesmead, huko ughaibuni, wakinywa chai kwanza ndipo waimbe. Adelina, muuguzi, mtu wa Bukoba, hakuwa na mchezo: aliyechelewa aliosha vikombe. Walipoanza kujifunza zaburi ya Waebrania wanaoulilia mji wao uliobomolewa, dari ilianza kudondosha chokaa.

Adelina aliifagia akaitupa. Kaunsili ya mtaa, mwenye flati, ikaleta fundi, akaigonga dari, akasema nzima, akaenda zake. Jumamosi iliyofuata chokaa ikadondoka tena, safari hii pamoja na bawaba ya mlango.

Sadrudin, mzee wa flati ya jirani, alikuja kurudisha bakuli. Akachovya kidole, akaonja.

"Hii chokaa ya kwetu Shangani," akasema. "Ya ukumbini. Na bawaba hiyo ya mlango wa nyuma."

"Si ungesema mapema, Mzee," Adelina alisema. "Nimeshatupa ndoo nzima."

Sadrudin aliondoka Shangani, Unguja, baada ya mapinduzi. Nyumba ilichukuliwa. Mdogo wake, Amirali, alitolewa kwa mlango huo wa nyuma na hakuonekana tena. Nyumba ilimuuma, lakini kilichomla zaidi ni kwamba hakujua kaburi la kwenda kumsomea nduguye. Tangu siku ile akawa anakuja na sinia, anakaa katikati ya wanawake wa sauti ya kwanza, analiweka magotini na kusubiri. Kama bawaba imefika, mtu atashindwaje?

Kikashuka kipande cha boriti. Ukashuka ufunguo, kisha kifuniko cha birika. Amirali hakushuka.

"Hivi mnaiimba yote?" Sadrudin aliuliza.

Wakatazamana. Gaudensia wa sauti ya pili ndiye aliyesema kweli. "Mwisho tunauruka. Wanawaombea mabaya watoto wa waliowabomolea. Mchungaji hapendi."

"Basi yuko huko. Iimbeni."

Adelina alisita, lakini naye alitaka kujua. Tusidanganyane, wote walitaka kujua. Wakaimba polepole, bila kinanda.

Ikaangukia siniani kandambili ya mtoto, ya plastiki, ukanda wake umeshonwa kwa uzi, ina mchanga mbichi. Sadrudin akaipima kiganjani.

"Hii si ya kwetu. Ya wanaokaa sasa."

"Wa miaka mingapi?" Gaudensia aliuliza.

"Minne. Mitano labda."

"Imebaki nusu ya aya," Adelina alisema. "Tumalizie?"

Sadrudin aliigeuza kandambili. Alikuwa na hasira ya miaka ishirini, na ile nusu aliitaka kwa moyo wake wote.

"Atakuwa anatembea mguu mmoja peku," akasema mwishowe. "Acheni hapo."

Aliiweka kandambili mlangoni, imeelekea nje, kama viatu vya mgeni anayekaribia kuaga. Asubuhi haikuwapo, na hakuna aliyeuliza imekwenda vipi.

Kwaya huimba mpaka pale pale, na chokaa hushuka. Sadrudin huipitisha kwenye chujio la chai, akitafuta jino, kifungo cha shati, chochote cha kuzika. Adelina humwekea kikombe pembeni.

"Leo je, Mzee?"

"Bado," husema, na kulikung'uta sinia.