Meno Yenye Njaa

Meno yalisimama katikati ya meza ya chakula, juu ya miguu minane ya waya, yakimkodolea Baba ingawa hayakuwa na macho.

Yalikuwa mwandani wa Mama. Katika mchezo wetu wa Jumamosi alasiri, mchezo wa dadu na hadithi, kila mmoja wetu alikuwa mchawi, na kila mchawi alikuwa na mwandani wake, kiumbe wa kumfuata na kumsaidia. Mjomba, mdogo wake Mama, ndiye aliyesimulia na ndiye aliyewafinyanga wandani hao. Alikuwa fundi wa meno bandia, na plasta iliyobaki kazini haikutupwa. Dada alipata sikio linalotambaa kama konokono. Mimi nikapewa ulimi usio na kinywa.

"Wewe unajijua," alisema Mjomba.

Mama alionyeshwa paka mweusi, mzuri kabisa, akaguna. "Paka ninaye jikoni, ananiibia kila siku. Nipe kitu cha kunitisha." Ndipo akaletewa meno, na ufizi wake wa nta nyekundu.

Yalikuwa na sharti moja: hayang'ati kufuli wala adui mpaka mwenyewe ayalishe siri ya kweli. Mama aliyalisha siri za mchawi wake bila choyo. Kwamba aliolewa na chura kwa kupenda sauti yake. Kwamba alimuuzia mfalme mbuzi wa mfalme mwenyewe. Alituvunja mbavu. Baba alibaki sebuleni na redio yake. "Mtu mzima na ndevu zake anacheza na meno," alikuwa akimtania Mjomba. Ila zamu ya Mama ikifika, redio ilipunguzwa sauti.

Mama alipofariki, Baba alinyamaza. Hakulia msibani wala baadaye. Alikwenda kazini, akarudi, akajibu ndiyo na hapana, na jina la Mama hakulitaja. Nilikuwa nimeshampoteza mzazi mmoja. Niliogopa kwamba na huyu ananiponyoka hivihivi ninamwona.

Mezani kwetu mwandani hazikwi. Mwenyewe akiondoka, lazima mtu ampokee, la sivyo mchezo hauendelei. Jumamosi tuliyorudi kucheza, hadithi ilitukuta mbele ya mlango wa pango uliofungwa kwa kufuli, na hakuna aliyethubutu kuyagusa meno yale. Dada alianza kukusanya dadu. Hapo Baba akaingia, akavuta kiti cha Mama, akakaa.

"Haya yanafanyaje kazi?"

"Yape siri ya kweli, shemeji," alisema Mjomba. "Yatang'ata kufuli."

Hakuna aliyemweleza kwamba siri ni ya mchawi, ya kubuni tu. Baba aliyainamia meno, akayaambia taratibu, kama mtu aliye mbele ya daktari:

"Silali kitandani. Nalala kwenye kiti. Ule upande wake umepoa. Siwezi."

Dada alifungua mdomo amsahihishe. Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

Mjomba alizishika dadu mkononi, hakuzirusha.

"Kufuli imekatika," alisema. "Mlango uko wazi."

Sijawahi kumpenda Mjomba kama nilivyompenda wakati ule.

Baba akayagusa meno ufizi kwa kidole.

"Yameshiba?"

"Bado, shemeji. Yana njaa sana."

Baba akasogeza kiti karibu na meza.