Umeweka Gogo?

Mimi nina mdomo, na mdomo ndio ulioniponza. Gereji nzima wananiita Injinia, jina la utani nililojipa mwenyewe na kulitangaza mpaka likashika. Nafunga matairi, natengeneza breki, nanyoosha usukani. Katika haya ninayoyasimulia nilifanya kila kitu kwa mikono yangu, kwa hiyo sina wa kumsingizia.

Dada yangu ni dereva wa zahanati. Ndiye mwanamke wa kwanza kukabidhiwa ile pikapu inayovuta kwa magurudumu yote manne, na alipopewa funguo wapo madereva waliosema hatamaliza mwezi. Sasa alikuwa na miaka minne kwenye usukani ule. Kila wiki humpeleka muuguzi na chanjo zake kwenye vituo vya mlimani, na mvua zikishika, njia ile inakuwa uji mtupu. Pikapu inakalia tumbo, magurudumu yanazunguka bure. Ndiyo maana aliomba matairi makubwa zaidi, mkuu wa usafiri akakubali, na kazi nikapewa mimi.

Dada aliomba saizi moja juu ya yale ya zamani. Mimi nikafunga saizi mbili juu. Nikisema nilikuwa na sababu ya kitaalamu nitakuwa naongeza uongo juu ya uongo. Yalikuwa yanapendeza, basi. Mchomeaji, jirani yangu pale gereji, alinishikia taa nikapunguza plastiki ya ndani ya madigadi, nikakaza nati, nikashusha jeki. Pikapu ikasimama kifua mbele. Watu wakatoka kwenye vibanda na simu zao wakaipiga picha. Mchomeaji akasema gari kama hili likifika kituoni, wagonjwa watapona kwa kuliona tu.

Sasa kuna jambo moja hufanywa kabla ya kulitoa gari la namna hiyo. Fundi aliyenifundisha kazi alikuwa na gogo la mti mgumu, kimo chake hakifiki gotini, na alipostaafu aliniachia. Unalipandisha gurudumu moja la mbele juu ya gogo, springi inabonyea mpaka mwisho, kama vile gari limepanda jiwe. Halafu mmoja anageuza usukani mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, na mwingine analala chini kuangalia. Gari likiwa sakafuni, kila tairi linaonekana limeenea. Likiwa juu ya gogo ndipo unapojua linagusa nini. Ni kazi ya robo saa.

Dada alikuwa ameshakaa kwenye usukani. Akatoa kichwa dirishani.

"Umeweka gogo?"

Watu wote wale wamesimama, simu mkononi. Nikaona kama ananivua nguo.

"Dada, kwani mimi nakufundisha kuendesha?"

Wakaangua kicheko. Naye akacheka, akawasha gari, akaondoka. Gogo lilikuwa pale ukutani, na juu yake kikombe changu cha chai.

Wiki mbili baadaye, Jumanne asubuhi, nikapigiwa simu. Walikuwa wanashuka kutoka kituo cha tatu, dada akakanyaga breki, pedali ikazama mpaka chini. Aliingiza gia ndogo, akavuta breki ya mkono, akaisugua pikapu kwenye ukingo wa udongo mpaka ikasimama. Alichanika paji la uso. Muuguzi alivunjika mkono. Upande wa pili wa njia ile ni bonde, na dereva mwingine angewamaliza wote wawili.

Nilifika na gari la kuvuta, nikawa wa kwanza kuingia chini ya pikapu. Paipu ya breki, ile ya mpira inayokwenda gurudumu la mbele kushoto, ilikuwa imelika upande mmoja kama kisigino cha ndala, na katikati imepasuka. Ubavuni mwa tairi palikuwa na mstari uliong'aa, mahali pale pale. Kila dada alipokata kona huku amepanda jiwe, tairi langu zuri lilikuwa linaitafuna paipu yake.

Nikaifungua paipu, nikaitia mfukoni mwa ovaroli.

"Injinia, breki zimekuwaje?" aliuliza mkuu wa usafiri, mtu wa suruali zilizonyooshwa, asiyependa maneno mengi.

"Zimechemka, mkuu. Mteremko mrefu, zikikanyagwa mfululizo zinachemka."

"Kwa hiyo ni dereva."

"Hutokea hata kwa wazoefu," nikasema. Na hapo, jamani, nikajiona nimemtetea.

Dada alikuwa ameketi kando ya njia, kitambaa kwenye paji la uso, ananitazama.

Nilidhani atapewa onyo, yaishe. Walimnyang'anya funguo. Wakamweka stoo kupanga maboksi ya glavu, na barua ikasema kamati itakaa Ijumaa ya wiki ya pili kuamua kama atashika usukani tena. Pale gereji mchomeaji akamwigiza: kakaa kwenye ndoo, kakodoa macho, anakanyaga kwa miguu yote miwili. "Mama wa mteremko!" Watu wakacheka. Nami nikacheka. Katika yote niliyoyafanya, kicheko kile ndicho kinachoniaibisha zaidi, maana hakuna aliyenilazimisha.

Alhamisi nikaenda kwake. Nilimkuta anapiga pasi shati la kazi, lile lenye nembo ya dereva. Akanitilia chai, akaniuliza hali ya wifi yake na watoto. Ningefurahi kama angenitukana.

"Kesho utawaambia nini?" nikamuuliza.

"Nitawaambia sikuzichemsha breki. Watasema fundi amesema zilichemka." Akaligeuza shati upande wa pili. "Paipu iko wapi?"

Chai ikanipalia.

"Nilikuona ukiitia mfukoni," akasema. "Nikasema ngoja, ataileta mwenyewe. Leo siku ya tisa."

"Mbona hukusema, dada?"

"Nisemeje? Nisimame mbele za watu nimwite mdogo wangu wa tumbo moja mwongo? Nilitaka aibu uione mwenyewe."

Niliiona. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilitoka pale bila kumaliza chai, na yeye hakunisindikiza mlangoni kama siku zote.

Kesho yake nililipakia lile gogo kwenye mkokoteni, nikamwambia mchomeaji anisaidie kusukuma mpaka zahanati, na sikumwambia ni la nini. Pikapu ilikuwa uani, na paipu mpya niliyoifunga mwenyewe. Nikawaomba wanakamati watoke nje. Nikaliweka gogo mbele ya gurudumu la kushoto, nikamwomba dada akae kwenye usukani.

"Panda polepole. Hapo hapo. Sasa geuza, dada. Mpaka mwisho."

Tairi likaigusa paipu mpya na kuikwaruza, kila mtu akasikia. Nikamwita mkuu wa usafiri. Alilala kwenye vumbi na suruali yake, akatazama muda mrefu. Nikatoa ile paipu ya zamani mfukoni nikampa.

"Aliniuliza kama nimeweka gogo, nikamjibu kwa kejeli," nikasema. "Sikuweka. Na breki hazikuchemka. Nilidanganya."

Mchomeaji akainamisha kichwa. Mkuu alijipangusa vumbi, akauliza swali moja tu: "Na huyu?"

Alikuwa anamwonyesha muuguzi, aliyesimama mlangoni, mkono umefungwa plasta. Siku zote hizo sikuwa nimemfikiria hata mara moja. Nilimwendea nikamwomba radhi. "Nimekusikia," akasema, akaingia ndani.

Dada alirudishiwa funguo siku ile ile. Mkuu alitaka gari lihamie gereji nyingine, na aliyeniombea nibaki ni huyo huyo dada. Nilifunga saizi moja juu, kama alivyoomba tangu mwanzo.

Sasa kila ninapomaliza kazi kwenye ile pikapu, hata iwe ni kubadilisha taa, dada anashuka, anakwenda ukutani, anaondoa kikombe changu, analivuta gogo mwenyewe. Ananiambia nikae kwenye usukani. Yeye anatandika gunia na kulala chini, na shati lake la kazi.

"Geuza," ananiambia. "Mpaka mwisho."

Nageuza. Kuniuliza aliacha.