Unyayo Usioguswa

Pale bwawani palikuwa na sheria moja ambayo haikubandikwa ukutani, na ndiyo iliyofuatwa kuliko zote zilizobandikwa. Ukimfikia aliye mbele yako, humwiti wala humsukumi. Unamgusa unyayo kwa ncha ya kidole, mara moja tu. Yeye akifika ukutani anajibana pembeni, nawe unapita. Hakuna samahani, hakuna asante.

Kinyozi aliijua sheria hiyo kwa unyayo wake mwenyewe. Alipoanza kuja, baada ya kiharusi kumlaza mkono wa kulia, wenzake wa mazoezi ya asubuhi walimgusa kama watu wanaobonyeza kengele ya nyumba ambayo haifunguliwi. Mkono wa kushoto ulikata maji vizuri. Wa kulia ulikuja nyuma yake kama mtu aliyenuna. Kila akifika ukutani alijibana, wakapita wote, akabaki anameza maji yaliyojaa dawa na kuhesabu visigino vya watu.

Daktari alimwambia kwamba kuogelea huenda kukausaidia mkono. Hilo neno "huenda" Kinyozi hakulisikia vizuri, au alilisikia akaliacha palepale hospitalini. Alichotaka ni kiti chake. Saluni ilikuwa ya mdogo wake, yenye viti viwili, na kile cha karibu na dirisha kilikuwa chake tangu milango ilipofunguliwa. Mdogo wake alikuwa amekiacha wazi. Wateja walichoka kusubiri foleni ya kiti kimoja, wengine wakahama kabisa, lakini kila aliyetaka kukikalia aliambiwa kina mwenyewe.

Njia yao bwawani ilikuwa ile ya pembeni, iliyotengwa na nyingine kwa kamba inayoelea, na watu wake walikuwa vituko. Alikuwepo fundi bomba mmoja waliyemwita Miwani. Huyo kabla ya kila mzunguko alisimama ukutani, akavua miwani yake ya kuogelea, akaitemea mate, akaisuuza, akaivaa, akaivua tena, akaulaumu mpira wake kwamba unavujisha maji. Wengine wakiwa wamekwenda na kurudi, yeye bado alikuwa anagombana na pua yake. Alikuwepo karani wa posta aliyeitwa Narudi. Kocha akitangaza zoezi jepesi, dada huyo alikuwa wa kwanza. Akitangaza zoezi gumu, alipanda ngazi akiwa ameshika tumbo, akisema narudi, na mlango wa choo ukamficha hadi zoezi liishe. Na alikuwepo Duka, mwenye nyumba za kupangisha, mtu mnene na mpole, aliyekuja na mfuko mkubwa kama anahama. Alikuwa na mapezi marefu na mapezi mafupi, vibao vya mikononi, boya la kubana katikati ya mapaja, na kibanio cha pua cha akiba. Akimaliza kuvaa hiki anakumbuka kile. Watu walisema siku bwawa likikauka, Duka ataligundua wiki inayofuata.

Kinyozi aliwacheka wote hao, nao walimcheka yeye kwa sababu alikuja amechana nywele kabla ya kuzivalisha kofia ya mpira.

Kisha ikaja asubuhi ya mvua. Watu walikuwa wachache, na hao wachache walikuwa wavivu kwa baridi. Kinyozi aliogelea mazoezi yote bila kuguswa unyayo. Macho yake hayakuona mbali, saa kubwa ya ukutani ilikuwa kwake duara jeupe tu, kwa hiyo tangu zamani unyayo ndio uliokuwa saa yake. Na saa hiyo sasa ilimwambia kwamba amepona. Alitoka majini anacheka peke yake. Akawaeleza Miwani, Narudi na Duka habari ambazo hakuwahi kuwaambia: kiti cha dirishani, mdogo wake anayefukuza watu, wembe wake aliokuwa akiupaka mafuta kila jioni ili usishike kutu kabla hajarudi. Narudi alikuwa amejifunika taulo, akasema Mungu ni mwema. Miwani aliangalia saa kubwa, akafungua mdomo, akaufunga.

Tangu siku ile hakuna aliyemgusa tena.

Miezi ilipita hivyo. Kinyozi akawa kichwa cha njia. Alitangulia yeye, wakafuata wao, na kwa majigambo aliyojaliwa na kazi yake aliwatania kwamba vijana wa siku hizi ni maandazi yaliyoingia maji. Walikubali. Miwani alizidi kugombana na miwani, Narudi alizidi kuumwa tumbo, na mfuko wa Duka ulizidi kunenepa. Nyumbani, Kinyozi alipojaribu kufunga vifungo vya shati, vidole vya kulia viliteleza kama vya mtu mwingine. Alijiambia ni baridi ya asubuhi. Mkewe akamfunga vifungo.

Mdogo wake naye alifikia mwisho. Alimwambia kwa aibu, akiwa anafagia nywele zilizokwisha kufagiliwa, kwamba kuna kinyozi mwingine anasubiri jibu na hawezi kumsubirisha tena. Wakapatana hivi: Kinyozi aje saluni akitoka mazoezini, amnyoe yeye mdogo wake ndevu mbele ya wateja. Akiweza, kiti ni chake. Kinyozi alikubali papo hapo. Alisema hata bwawani hakuna wa kumfikia.

Siku yenyewe ndiyo aliyokuja mgeni, muuguzi mwembamba aliyehamia mtaani karibuni. Kocha alimweka nyuma yao, akapuliza filimbi. Kinyozi alijirusha mbele. Hakufika mbali, akahisi kidole kwenye unyayo.

Alidhani ni kamba. Ukutani alijibana, muuguzi akapita kimya. Akasema moyoni kwamba huyu ni kijana na ni mpya, ana haraka. Akaendelea. Kabla hajamaliza kurudi, kidole kikaja tena. Mgeni alikuwa amemzidi mzunguko mmoja mzima. Kilipokuja mara ya tatu hakujibana. Alisimama katikati, maji yakimfika kifuani, akageuka nyuma kuwatazama wenzake. Hakuwa na mazoea ya kutazama nyuma.

Miwani alikuwa ukutani, anaitemea mate miwani. Narudi alikuwa amesimama kwenye ngazi, hapandi wala hashuki. Duka alikuwa amevua pezi moja na kulishika mkononi kama mtu aliyesahau alichotaka kununua. Wote watatu walikuwa wanamtazama yeye. Hakuna aliyekuwa anahema kwa kuchoka.

Muuguzi alitoa kichwa majini, akaona kimya kile, akaziba mdomo.

"Nisamehe, fundi," alisema. "Waliniambia nisikuguse. Nimesahau."

Kinyozi alimpita. Alimwendea Miwani akitembea chini ya bwawa kwa miguu, taratibu, akanyoosha mkono wa kushoto.

"Hebu nione hiyo inayovuja."

Miwani akampa. Kinyozi aliijaza maji kwa ndani, kikombe kimoja cha kioo, kisha cha pili, akainyanyua kwenye mwanga. Wakasubiri. Halikudondoka hata tone.

"Tangu mvua ile?" aliuliza.

"Ulikuwa na furaha, fundi," Miwani akasema. "Tungefanyaje?"

Duka alisema yeye angeweza kukaa vile hata miaka, hana shida, mazoezi yenyewe hayapendi. Alisema ili watu wacheke. Narudi akaanza kulia, na kwa mara ya kwanza akaenda chooni kwa haja ya kweli, kuosha uso. Kinyozi alimwaga maji ya ile miwani, akamrudishia mwenyewe, akapanda ngazi kwa kuvutwa mkono na kocha. Alielewa sasa. Hakuwahi kuwa kichwa cha njia. Walikuwa wamemvika kilemba cha ukoka, naye akatembea nacho mitaani kutwa.

Angeweza kwenda nyumbani. Alifikiri hivyo akiwa anavaa, akihangaika na vifungo hadi akaliacha shati wazi juu. Lakini mdogo wake alikuwa anasubiri, na ndani kabisa bado palikuwa na kitu kidogo kinachobisha, kinachosema kuogelea ni kuogelea na kunyoa ni kunyoa, na mkono unaoijua kazi yake hausahau.

Alikuta mdogo wake ameshakaa kwenye kiti cha dirishani, shuka limefungwa shingoni, povu limepakwa tayari hadi chini ya masikio. Kwenye benchi walikaa wateja watatu, wote wa zamani, wote wakamwamkia fundi. Wembe uliwekwa kwenye taulo, umekunjuliwa.

"Nilishakuwekea kila kitu, kaka," mdogo wake alisema, akafumba macho.

Kinyozi aliushika wembe kwa mkono wa kulia. Vidole havikumwambia kitu, si uzito wala ubaridi. Aliuegemeza shavuni, akauvuta chini. Mkono ulitetemeka, ukaruka, ukatua karibu na mdomo, na hakuna damu iliyotoka. Akavuta tena. Povu liliondoka vizuri, mstari kwa mstari. Benchi lilikuwa kimya.

Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, lakini masikio yalikuwa mazima. Ndevu zikikatwa hulia, kama mchanga mkavu unaofagiliwa kwenye sakafu. Sauti hiyo aliisikia maisha yake yote ya kazi. Sasa hakuisikia. Aliinua mkono kwenye mwanga wa dirisha, kama alivyoinyanyua ile miwani, akatazama. Alikuwa ameshika mpini mtupu. Wembe wenyewe, lile jani la chuma, ulikuwa umetolewa.

 Aliendelea hadi povu likaisha, akamfuta mdogo wake kwa taulo la moto, na ndevu zikabaki pale pale, nyeusi, zimelala upande mmoja kwa kusuguliwa. Akachukua manukato yanayochoma ngozi iliyonyolewa. Mdogo wake alivuta pumzi kwa meno kabla hata kiganja hakijafika shavuni.

"Umeninyoa vizuri, kaka," alisema, macho bado yamefumbwa.

Kinyozi aligeukia benchi.

"Anayefuata."

Wa kwanza aliinama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala. Wa pili alikumbuka jambo, akasimama akisema anarudi sasa hivi, akatoka. Wa tatu alianza kujipapasa mifuko yote, ya shati, ya suruali, ya koti, akitafuta kitu ambacho hakukitaja. Kinyozi aliwatazama mmoja mmoja. Aliwajua. Alikuwa ametoka kuachana na wenzao bwawani muda si mrefu, wakiwa wameloa.

"Mwambie yule kinyozi anayesubiri jibu aje," alimwambia mdogo wake kwa sauti ya chini.

Mdogo wake akafumbua macho. Alitaka kusema neno, lakini uso wa kaka yake ulimkatalia. Akajifungua shuka, akashuka kwenye kiti.

Kinyozi alisogea, akajibana ukutani kati ya kioo na dirisha. Yule wa ndala akapita mbele yake bila kumtazama, akakaa. Mdogo wake akapaka povu, akatoa wembe mwingine mfukoni, na chumba kizima kikasikia mchanga unafagiliwa.