Ndoyi wa Pulchérie

Naapa, hii ni kweli tupu. Atakayenikamata na uongo, hata wa punje, nitamlipa kuku.

Fundi Jérémie alikuwa uani kwake mjini Baraka, akinusa buji, ile plagi ya moteri ya mtumbwi, kujua kama imelowa petroli, mama asiyemjua alipoingia na redio kwapani.

"Naitwa Pulchérie, wa Lweba."

Buji ilimtoka mkononi.

Maana Jérémie, shemasi wa kanisa, aliandika hadithi za namna mbili. Zile za watu kutubu alizitia jina lake, zikasomwa kanisani. Za mapenzi alizipeleka redioni kwa siri, na huko alitafuta jina lingine. Émilienne? Huyo ni mke wa pasta. Vanessa? Mtaa umejaa hao. Akachukua Pulchérie, jina la kizamani, akiamini wenye nalo wote wameshazikwa.

"Mi sijazikwa, papa," mama alisema. "Niko mujane, nakausha samaki ndakala. Bamama benye tunaimba nabo mu korali ya kanisa banasema ni mi naandika mambo ya kubusiana ku ziwa. Balinifukuza."

"Na... nani alikuambia ni mi?"

"Kila bwana wa hadithi yako ananusa buji mbele ya kumubusu bibi. Mu Baraka yote, nani ananusaka buji?"

Jérémie alikuwa ameiokota. Tayari iko puani.

"Mama, batanitoa ku ushemasi!"

"Na mi balinitoa wapi? Ulibeba jina yangu, uko ndoyi yangu sasa. Ndoyi haendake kumuona mwenye jina mikono mitupu. Lakini anza na kunirudishia jina."

Jioni hiyo alipeleka barua redioni, akaanza kungoja hadithi ya Jumamosi. Kila pikipiki iliyosimama mlangoni, alijua ni pasta. Jumamosi ikafika. Msomaji wa redio akamaliza hadithi, akakohoa.

"Imeandikwa na shemasi Jérémie, fundi wa moteri."

Kwa pasta, mtu akaongeza sauti ya redio.

Kesho yake, bila kujua kama kiti chake kanisani bado ni chake, Jérémie alikwenda Lweba kumsalimia ndoyi wake, na kuku wawili wanono...

"Mumoja!" Pulchérie mwenyewe anapaza sauti nyuma ya wasikilizaji wangu. "Na alikuwa anachechemea!"

Wote wananigeukia. Basi. Nafungua banda, namfunga miguu kuku wangu mweupe, nampa.

Sasa ni wawili, kama nilivyosema.

Anamtia kwapani, anashika njia ya Lweba haraka haraka. Ana mazoezi ya korali.