Jina Mwishoni mwa Mchezo

"Huyu siye," msichana alisema, akakiweka kidhibiti cha kuchezea mezani.

Alikuwa na miaka kumi na mmoja, binti wa mwenzetu mmoja wa ofisini, na Jumamosi ile aliletwa pamoja na wenzake wanne waujaribu mchezo wetu wa video kabla haujatoka. Ule wa zamani waliujua kwa moyo. Mzimamoto wa enzi za kale anaruka paa kwa paa, ndoo mkononi, moto uko nyuma yake. Ulitoka mwaka 1984 kwenye mashine ndogo ya wakati ule, ukagombaniwa Osaka nzima, na sasa, mwaka 1993, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuufanya upya kwa mashine mpya yenye rangi tele. Nilichora moshi unaosogea. Nilitia ngoma na filimbi. Watoto wale hawakujali hata kimoja. Walisema mtu wangu anaruka vibaya, wakaenda zao kula maandazi ya maharage.

Nilitamani kuwazaba vibao. Kilichoniuma ni kwamba walisema kweli. Miezi minne nilikuwa nimekaa mbele ya runinga nikiucheza ule wa zamani na kuhesabu picha mojamoja zinazopita kwenye kioo: anapanda kwa picha ngapi, anashuka kwa picha ngapi. Hesabu zilikubali, na bado mtu wangu alianguka kama gunia la mchele. Ningekuwa na programu ya asili ningeifungua na kuona siri yake kwa nusu saa. Lakini programu ile haikuwepo tena duniani, na aliyeitupa ni mimi, Tarumi Misao.

Acheni niseme kama ilivyokuwa, maana huruma ya mtu siitafuti. Desemba ya 1989 nilikuwa na miezi tisa tu kazini. Kwetu Japani mwaka mpya haukaribishwi kukiwa na vumbi la mwaka wa jana. Kila nyumba na kila ofisi hufanya usafi mkuu. Bosi Kizaki alinikabidhi kabati la nyuma, akasema kitu kisicho na lebo kisiuone mwaka mpya. Nikakuta boksi la diskete zimefungwa kwa mpira, hazina hata herufi moja juu yake. Ndizo zilizobeba programu ile, nazo zilikuwa za Mzee Kurebayashi, aliyeutengeneza mchezo ule karibu peke yake. Mzee aliamini kichwa chake kinatosha, na kuandika lebo aliona ni kazi ya makarani. Nikazitupa, nikapiga deki mpaka sakafu ikang'aa, na bosi akanisifu mbele ya watu.

Mwaka uliofuata zikatafutwa. Niliulizwa kikaoni, Mzee amekaa mkabala nami. Nikasema kabati nililikuta tupu. Bosi Kizaki alitazama kalamu yake, asitie neno. Basi ikawa Mzee ndiye aliyepoteza mali ya kampuni. Na kwetu mtu wa aina hiyo hafukuzwi, anahamishiwa dirishani. Anapewa meza safi na gazeti, kazi hapewi, anakaa hapo siku hadi siku mpaka mwenyewe achoke kuishi hivyo aondoke. Vijana wakambandika jina la mlinzi wa mawingu. Nilicheka nao, tena mimi nilicheka kwa sauti zaidi.

Jumatatu baada ya wale watoto, nilimfuata dirishani.

Sikuomba msamaha. Nilimwambia kwamba nimekwama. Alikunja gazeti taratibu, akaniuliza nimehesabu picha ngapi, nikamtajia. Akacheka, kicheko cha mtu ambaye hajaulizwa kitu kwa miaka mitatu.

"Hukukosea hesabu, binti. Umekosea mtu. Mashine ile ilikuwa masikini, haikuweza kuhesabu moto na mtu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mzimamoto akiruka na kufika juu kabisa, anangoja moto uhesabiwe kwanza, ndipo ashuke. Moto ukiwa mwingi, anangoja zaidi. Wewe umemhesabia kwenye paa ambalo haliungui."

Kumbe kile walichokipenda watoto wa nchi nzima, ule mning'inio mdogo wa hewani mtu anaposhika roho mkononi, ulikuwa umasikini wa mashine. Mimi nilikuwa na mashine tajiri, na ilibidi niifundishe kungoja. Nilimwonea wivu.

Akasema atanisaidia, na bei yake ni moja. Anataka jina lake.

Zamani kampuni zilikataza jina halisi kuonekana mwishoni mwa mchezo, kwa hofu kwamba wapinzani watakuja kuiba mafundi. Kila fundi alijificha nyuma ya jina la utani. Mzee aliitwa Dagaa, kwa sababu ya chakula chake cha mchana. Sasa, dada yake mkubwa, Sumie, ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufa, akamsomesha kwa kazi ya kuchambua kaa bandarini Tottori. Bibi huyo aliwatangazia majirani kwamba mchezo ule ni wa mdogo wake. Wakataka kuona jina. Akawaonyesha Dagaa, wakamcheka, na miaka tisa baadaye bado walikuwa wakimuuliza dagaa wake hajambo. Mwaka ule mambo yalikuwa yamelegea, majina halisi yaliruhusiwa. Mzee alitaka Agosti, kwenye sikukuu ambayo watu hurudi makwao kuzipokea roho za wafu wao, aende na mchezo nyumbani, amkalishe dada yake mbele ya runinga.

"Ana miaka sabini na miwili," akaniambia. "Sitaki afe akiitwa mwongo."

Nikamwahidi. Na wakati ule nilikuwa namaanisha.

Wiki tatu tulikaa meza moja. Alikuwa mkali, ana kejeli, ananiambia mikono yangu imelala, na sijawahi kufurahia kazi kama siku zile. Watoto waliporudi, yule msichana alicheza bila kusema kitu mpaka mama yake alipomvuta mkono.

Orodha ya majina niliiandika mwenyewe. Lake nililiweka la kwanza. Bosi Kizaki aliniita, akaweka kidole juu ya jina lile.

"Huyu ndiye aliyepoteza programu," alisema. "Wakubwa watauliza kwa nini tunampamba." Akanitazama usoni. "Au aliyepoteza ni mwingine?"

Alijua. Tangu siku ya kikao alijua, maana amri ya kabati ilikuwa yake. Mlango aliufungua wazi kabisa, na nilichotakiwa kufanya ni kusema neno moja. Niliifikiria meza ya dirishani. Nilifikiria kazi yangu, na jina langu ambalo lingebaki la kwanza likiondoka lile la juu.

"Hapana," nikasema. "Ni yeye."

Nililifuta kwa mkono wangu. Mzee sikumwambia. Alichukua nakala yake Julai, imefungwa vizuri, akaniinamia kichwa na kunishukuru, nami nikamtakia safari njema.

Alirudi baada ya sikukuu na zawadi za safari, kama desturi, biskuti za kaa kwenye kila meza. Zangu aliniletea mwisho. Alizungumza chini kwa chini, bila hasira, na ningelipa chochote anitukane.

"Majirani walijaa sebuleni. Nilicheza mpaka mwisho. Majina yakapita. Dada akasema labda yamepita haraka, nirudie. Nikarudia mchezo wote." Alisawazisha boksi la biskuti likae sambamba na ukingo wa meza. "Mara ya pili nilimwonyesha lako. Nikamwambia hilo ndilo jina ninalotumia kazini siku hizi. Misao hata mwanamume huitwa, kwa hiyo aliamini. Alilisoma kwa sauti, majirani wakapiga makofi."

Nilitazama boksi la biskuti.

"Ameahidi kuniandikia hapa ofisini, kwa jina hilo. Ni barua yake ya kunipongeza. Ikifika, naomba unipe."

Nikasema nitampa.

Ilifika wiki ya pili ya Septemba, mwandiko mkubwa wa mtu aliyesoma kidogo. Mzee alikuwa dirishani, hatua kumi na mbili kutoka kwangu, gazeti limefunguliwa na halisomwi. Bahasha ilikuwa na jina langu. Niliifungua, nikaisoma mpaka mwisho, nikaiweka kwenye droo yangu.