Mkono wa Bwana Hana-Neno

Hospitali nzima ilimwita Fundi. Madaktari walimwita hivyo, wafagiaji walimwita hivyo, hata mumewe akitaka kumtania alisema, "Fundi, chai inapoa." Kazi yake ilikuwa kuwafunga plasta watu waliovunjika mifupa. Daktari akishaunyoosha mfupa, mgonjwa aliletwa chumba cha mwisho kabisa, chenye ndoo ya maji ya vuguvugu, marobota ya pamba na bandeji nyeupe zenye unga, na humo Fundi aliushika mkono au mguu wake kama anavyoshikwa mtoto mchanga. Miaka kumi na tisa alifanya kazi hiyo, na plasta yake haikuwahi kurudishwa.

Kazini alikwenda kwa baiskeli, kwa njia ya kando ya mfereji. Ilikuwa njia ya wote, wa miguu na wa baiskeli, upana wake watu watatu wakitembea bega kwa bega. Upande mmoja maji, upande mwingine nyua za nyumba za watu. Fundi aliipenda safari ile kuliko saa zote za siku. Nyumbani kulikuwa na kelele za nyumbani, kazini kulikuwa na vilio vya kazini, lakini pale katikati alikuwa yeye, upepo na mnyororo wa baiskeli unaolia taratibu.

Kisha akaja Pamba.

Pamba alikuwa mbwa mweupe, mkubwa kama ndama, mwenye manyoya ya kuonewa wivu, na kamba hakuijua. Alilala kwenye nyasi kando ya njia kama aliyemaliza shughuli zake zote, lakini baiskeli ikipita tu aliruka, akaifuata akibweka, meno yake usawa wa kifundo cha mguu wa mpandaji. Nyuma, mbali, alionekana mwenye mbwa, mzee mrefu, mikono mgongoni, anatembea kama anayekagua shamba lake.

"Hana neno huyo!" alipaza sauti. "Anacheza tu!"

Alilisema hilo kila siku, kwa kila mtu, mpaka wapanda baiskeli wakampa jina, Bwana Hana-Neno.

Wiki tatu Fundi alipita pale ameinyanyua miguu kama anayevuka dimbwi, roho mkononi. Jumanne moja miguu ilichelewa kunyanyuka. Pamba akaudaka upindo wa suruali, baiskeli ikaenda kulia, ikaenda kushoto, na Fundi akajikuta ndani ya mfereji, maji ya magoti, matope mpaka kwenye nyusi, goti linavuja damu.

Mzee alifika bila haraka. Alimtazama mbwa kwanza, akahakikisha ni mzima, ndipo akamtazama mtu.

"Pole, dada. Lakini ungesimama tu. Nyie watu wa baiskeli mnamchokoza kwa hizo mbio zenu."

Fundi hakuwa mtu wa kukosa jibu. Aliwahi kumnyamazisha daktari mkuu mbele ya wanafunzi wake. Lakini asubuhi ile alipofungua mdomo alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Samahani."

Samahani! Yeye ndiye aliyeloa, na yeye ndiye aliyeomba radhi.

Jioni alimsimulia wifi yake, dada wa mumewe, aliyeishi nao na aliyekuwa na ulimi mkali kuliko wembe. Wifi alikuwa anapiga pasi. Aliisimamisha pasi wima, akashika kiuno.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia samahani."

"Mungu wangu. Kumbe mbwa alikung'ata ulimi!"

Walicheka, lakini usiku ule Fundi hakucheka tena. Goti lilipona kwa siku kumi. Lile neno halikupona. Baiskeli aliisukuma mpaka stoo, akaigeuzia ukutani, akaanza kwenda kazini kwa mabasi mawili. Alifika amechelewa na amekunjamana, na mumewe alipouliza baiskeli ina nini, alisema matairi yameisha.

Huko kazini ndiko mambo yalikoanza kumfungua macho. Aliletewa mwalimu wa hesabu, mwanamke mwembamba, mfupa wa mkono wa kuandikia umepasuka.

"Umeangukia wapi, mwalimu?"

"Kule njia ya mfereji."

"Mbwa mweupe?"

Mwalimu alimkodolea macho. "Umejuaje?"

Wiki iliyofuata akaletwa muuza maziwa, mtu mnene mcheshi, mkono wa kushoto. Mbwa mweupe. Kisha mpaka rangi wa nyumba. Kisha msichana wa duka la dawa. Mwezi ulipokwisha Fundi alikuwa amefunga plasta watu saba kutoka njia moja, na kila aliyemaliza kusimulia aliinamisha kichwa na kusema maneno yale yale: labda kosa ni langu, labda nilikwenda mbio. Mara ya saba Fundi alisikia moto ukimpanda kifuani. Kumbe si yeye peke yake aliyeomba samahani.

Alikwenda manispaa. Karani alimwambia sheria ipo, mbwa wote wafungwe kamba njia ile, ila kibao kiling'olewa mwaka walipotengeneza ukingo na hakuna aliyekumbuka kukirudisha. "Andika barua, mama. Tutalifanyia kazi." Fundi aliandika barua. Wiki iliyofuata alirudi na nyingine, na iliyofuata tena, mpaka karani akawa akimwona mlangoni anamvutia kiti bila kuombwa.

Alhamisi moja, mchana, daktari alimpelekea mgonjwa mwingine. Mkono wa kulia, umevunjika juu kidogo ya kiganja, umeshanyooshwa. Fundi alikuwa amevaa barakoa na aproni, amemwinamia mtu asiyetazamika usoni kwa maumivu. Alichukua robota la pamba akaanza kuuzungushia mkono taratibu.

"Ilikuwaje, mzee wangu?"

"Pamba huyo," mgonjwa akasema kwa sauti ya chini.

Fundi alilitazama robota mkononi mwake. "Pamba inakukera? Nilegeze?"

"Hapana. Pamba mbwa wangu. Aliona baiskeli, akanipitia katikati ya miguu. Hana neno, alikuwa anacheza tu."

Mikono ya Fundi ikasimama.

Watu huota saa kama ile. Adui wako amekaa mbele yako, mkono wake umekulalia kiganjani, hawezi kukimbia. Fundi akaendelea kuzungusha pamba, sawasawa, asikaze wala kulegeza, kwa sababu mfupa ni mfupa, na yeye ni Fundi. Alichovya bandeji, akaikamua, akaizungusha, akaisugua kwa viganja mpaka ikalainika kama kauri. Alipomaliza alinawa, akavuta kigoda, akashusha barakoa.

"Sasa inakaza. Utasikia joto. Usitikisike mpaka nikuambie."

Mzee aliinua uso, akamtazama.

"Ni wewe. Wa mferejini."

"Ni mimi. Na wewe ni wa nane."

"Wa nane wa nini?"

"Wa nane niliyemfunga kwa sababu ya Pamba. Wa kwanza ni mwalimu, aliandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, watoto wakamcheka. Muuza maziwa hajapanda baiskeli yake tangu siku ile. Mpaka rangi alikaa nyumbani anatazama kuta zake. Na wote, mzee wangu, wote walidhani kosa ni lao, kwa sababu uliwaambia hivyo."

Plasta ilikuwa inatoa joto, mkono mzito kama jiwe, na mlango uko mbali. Fundi hakupaza sauti. Alisema moja baada ya jingine yote aliyopaswa kuyasema siku ile akiwa na matope kwenye nyusi, na kila alilolisema lilimwacha mwepesi zaidi.

Alipomaliza, mzee aliutazama mkono wake uliofungwa.

"Mbwa ni wa marehemu mke wangu," alisema hatimaye. "Yeye alikuwa akimwambia neno moja tu, anamsikia. Mimi hanisikii. Nikimfunga kamba analia usiku kucha. Nikimwona anakimbia naona... naona kama kuna mtu nyumbani mwenye furaha. Nikaona nisimnyang'anye."

"Pole sana kwa msiba," Fundi akasema, na aliisema kwa moyo. "Lakini mkono wa mwalimu haukufiwa, mzee wangu. Umevunjwa."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Machozi yalimlenga. "Sasa nifanye nini, binti? Mkono mmoja huu, hata kamba yenyewe nitaishikaje?"

Hapo Fundi alisikia tena mdomo wake ukitangulia akili. "Jumamosi nitakuja."

Wifi aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. "Wewe? Ukimwona mbwa kwenye kalenda unageuza ukurasa!" Lakini Ijumaa jioni ndiye aliyekwenda stoo, akaitoa baiskeli, akaipangusa vumbi na kujaza upepo matairi, ambayo hayakuwa na ubovu wowote.

Fundi hakwenda peke yake. Alimpitia muuza maziwa, ambaye plasta yake ilikuwa imeshafunguliwa, na aliyefuga mbwa tangu utoto. Yule bwana alimtazama Pamba, akatazama nyasi zilizochakaa pale alipozoea kulala, akacheka.

"Huyu hana chuki na mtu. Anakimbiza kinachokimbia. Tumfundishe kwamba baiskeli ikipita, nyama inatoka mfukoni kwa baba yake. Atasahau baiskeli."

Siku ya kwanza hakusahau kitu. Muuza maziwa alishika kamba, Fundi alisukuma baiskeli akitembea, hatua ishirini mbali, na Pamba alimburuta yule mtu mnene kwenye nyasi kama gunia. Mzee, mkono umening'inia shingoni, alisema "Kaa!" kwa sauti ya mtu anayeomba kuazimwa kitu.

"Unamwomba," Fundi akamwambia. "Mwambie. Mimi nikimwambia mgonjwa atulie, anatulia."

"Kaa," mzee akasema.

"Mzee wangu, hata mimi nisingekaa."

"KAA!"

Pamba aligeuka kwa mshangao. Hakukaa, lakini aligeuka. Mzee alimpa nyama, na uso wake ukakunjuka.

Jumamosi ya pili mbwa alikaa baiskeli ikisukumwa. Ya tatu mvua ilinyesha na akasahau yote. Ya nne alikaa Fundi akipanda polepole, hatua thelathini mbali. Mwalimu wa hesabu alianza kuja kutazama, akiwa na mwavuli, na akawa anawaambia wapite umbali gani, kwa hatua, kama anayesahihisha daftari. Wiki ya sita ilipotimia Fundi mwenyewe aliufungua mkono wa mzee kwa msumeno wake mdogo. Mkono ulitoka umesinyaa, mweupe wa vumbi, na mzee alivikunjakunja vidole kama anayejaribu glavu mpya.

"Umeunga vizuri," Fundi akasema. "Jumamosi kamba utaishika wewe."

Jumamosi ile njia ilikuwa na watu. Mpaka rangi alikuja, msichana wa duka la dawa alikuja, mwalimu na mwavuli wake, muuza maziwa na baiskeli yake, na wifi, ambaye alisema amekuja kumzika mtu. Mzee alisimama pembeni mwa njia, kamba imezungushwa mara mbili kwenye kiganja cha kulia, Pamba kando yake. Fundi alirudi nyuma mpaka kwenye daraja. Safari hii hakuna hatua thelathini, wala kusukuma. Angepita ubavuni mwao, umbali wa mkono mmoja, kwa mwendo wake wote.

Alikumbuka maji ya mfereji yalivyokuwa baridi. Alipiga moyo konde, akakanyaga pedali.

Njia ilianza kumkimbilia. Aliona masikio ya Pamba yakisimama. Aliona mwili ule mweupe ukijikaza, bega likishuka, tayari kuruka, na hakugusa breki. Alipiga kengele.

"Kaa," mzee akasema, bila kupaza sauti.

Pamba akakaa. Alikaa kitako, anatetemeka kwa hamu, macho kwa baba yake, na Fundi akapita karibu hata manyoya yakapeperuka. Alisikia kelele nyuma yake, makofi, wifi akipiga vigelegele, muuza maziwa akigonga kopo. Aligeuza mbele kidogo akarudi, kwa mbio zaidi, akapita tena. Pamba hakunyanyuka. Akapita mara ya tatu, safari hii ameachia usukani na kunyoosha mikono yote miwili hewani kama msichana wa miaka kumi na tano, na wote wakaruka kama waliopita ni wao.

Aliposhuka, mzee alimjia. Alikuwa analia waziwazi wala hafuti machozi.

"Fundi," alisema, mara ya kwanza kumwita hivyo. Kisha akawageukia wengine, mmoja mmoja, akisimama kidogo zaidi mbele ya mwalimu. "Nisameheni. Hamkuwa na kosa hata siku moja. Kosa lilikuwa langu."

Mwalimu alifunga mwavuli, akampa mkono ule ule wa kuandikia, na mzee akaupokea kwa mikono miwili.

Jumatatu asubuhi Fundi alikuta mafundi wa manispaa wawili kwenye njia, wamechimba shimo na kusimamisha kibao kipya, saruji bado mbichi. Karani alikuwa amewapa picha ya mahali penyewe, ile aliyoiambatisha Fundi kwenye barua zake. Kibao kilisema mbwa wafungwe kamba, kwa herufi kubwa zinazosomeka hata kwa mbali. Mbele yake walikuwa wapanda baiskeli wanne ambao hakuwaona njia ile kwa miezi. Aliwapigia kengele akawapita wote, na alipofika kazini mlinzi wa lango alimuuliza anacheka nini peke yake asubuhi hii.